Kula Wanapokula Wenyeji: Mwongozo wa Vibanda na Migahawa Midogo kwa Mgeni Mjini

Maswali ni yale yale kila mara. Nitajuaje kwamba chakula cha hapa hakitanidhuru? Nisipojua lugha, naagizaje? Nalipa kabla ya kula au baada? Bakshishi niache au nisiache? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kuanzia maandalizi ya safari hadi tumbo likigoma. Hauhusu hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Unahusu kibanda cha kando ya barabara, mgahawa wa meza sita, kaunta ya ndani ya soko: mahali ambapo watu wa mji wenyewe hula halafu wakarudi kazini.

Kanuni moja inabeba karibu kila kitu hapa: angalia muda uliopita kati ya moto na sahani yako. Chakula kilichoepuliwa sasa hivi chini ya turubai ni salama kuliko kile kilichopikwa asubuhi kikapangwa vizuri kwenye kaunta ya kioo. Bakteria wa chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na joto la kawaida la chumba liko katikati kabisa ya eneo hilo. Chakula kilichopikwa kikikaa hapo zaidi ya saa mbili, kiache. Hiyo ndiyo nadharia yote utakayohitaji.

Vya kuandaa kabla ya kutoka

Chanjo kwanza, kwa sababu haziwezi kufanywa dakika ya mwisho. Homa ya ini aina A na homa ya matumbo huenezwa kwa chakula na maji machafu, na zote mbili zina chanjo. Muulize daktari kama unakokwenda zinahitajika, na umwone mapema, mwezi mmoja kabla ikiwezekana. Wiki mbili ndio mwisho wa kuchelewa, maana mwili unahitaji muda kujenga kinga.

Kwenye begi dogo la kutembea nalo weka:

- Pakiti nne hadi sita za chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS).
- Kipande cha sabuni au sabuni ya maji kwenye kichupa, pamoja na sanitaiza yenye spiriti asilimia 60 au zaidi. Usiache sabuni kwa sababu tu unayo sanitaiza. Kuna virusi vya tumbo, hasa norovirus, ambavyo sanitaiza haiviui vizuri.
- Tishu. Vibanda vingi havina.
- Chupa ya maji ya nusu lita.
- Noti ndogo na sarafu za nchi hiyo. Zivunje mapema dukani au kituoni, usingoje kumpa mwuza chakula noti kubwa saa ya msongamano.
- Simu yenye ramani ya mji na lugha ya huko, vyote vimepakuliwa kabla ili vifanye kazi bila intaneti.

Kisha jifunze sentensi sita za lugha ya pale, na uzitamke kwa sauti mpaka zikae mdomoni: salamu, "naomba hiki", "bei gani?", "bila pilipili", "kina nini ndani?", na "asante, ni kitamu". Tafsiri ya simu inasaidia, lakini mpishi aliyeshika mwiko hawezi kusimama kusoma kioo cha simu yako.

Kama una mzio wa chakula au kuna kitu hukili kwa sababu ya dini au imani, andaa kadi. Hili lina sehemu yake mbele, usiliruke.

Hatua ya 1: Tafuta mtaa kabla ya kutafuta mgahawa

Mgeni huanza na orodha ya majina maarufu, akaishia kwenye foleni ya wageni wenzake. Anza na mtaa. Watu hula karibu na kazi zao, kwa hiyo tazama kwenye ramani palipo na hospitali kubwa, ofisi za serikali, chuo, kituo cha mabasi, soko la jumla. Kuzunguka sehemu hizo, mitaa miwili mitatu nyuma ya barabara kuu, ndiko kuna wapishi wanaowalisha watu wale wale kila siku. Mpishi wa namna hiyo akimharibia mteja tumbo, kesho mteja harudi, na wenzake ofisini wanajua. Anayeuza mlangoni pa kivutio cha utalii hana shinikizo hilo, kwa kuwa mteja wake wa leo hatamwona tena.

Uliza watu, lakini uliza vizuri. Ukisema "mgahawa mzuri uko wapi?" utaelekezwa pale wanapodhani mgeni anapaswa kwenda. Sema: "Wewe leo mchana utakula wapi?" Mwulize mlinzi, msafishaji wa hoteli, dereva, muuza duka. Waulize watatu. Jina likitajwa mara mbili, nenda.

Ukitumia maoni ya mtandaoni, chuja yaliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji na uangalie picha za miezi mitatu iliyopita. Mahali hubadilisha mpishi bila kubadilisha bango.

Hatua ya 2: Fika saa ya walaji, mwanzoni mwake

Kila mji una saa zake. Sehemu nyingi chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane, lakini Madrid watu hukaa mezani kuanzia saa nane mchana na cha usiku wanakula saa tatu au baadaye. Ukifika huko saa kumi na mbili jioni ukiwa na njaa, utakuta jiko halijawashwa au utauziwa mabaki ya mchana.

Lenga dakika 20 hadi 30 za mwanzo. Sufuria ni mpya, mafuta hayajachoka, mhudumu bado ana subira ya kukueleza, na viti vipo. Katikati ya msongamano chakula bado ni kizuri kwa sababu kinaisha na kupikwa tena, ila hutapata muda wa kuuliza maswali. Mwishoni ndiko kwenye hatari: vipande vya mwisho vimekaa, na jiko limezimwa.

Hatua ya 3: Simama pembeni dakika tano

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Usiingie moja kwa moja. Simama ng'ambo ya barabara, jifanye unasoma simu, na utazame haya.

Sahani ngapi zinatoka? Hesabu kwa dakika tano. Sahani kumi ni biashara inayokwenda mbio, chakula hakipati nafasi ya kukaa. Sahani moja katika dakika tano wakati wa chakula cha mchana inamaanisha kilichopikwa kinasubiri.

Mikono ya nani inashika pesa? Pesa hupita mikononi mwa watu wengi kuliko kitu kingine chochote hapo. Inapendeza kuona mmoja anapokea pesa na mwingine anapakua. Kama ni mtu mmoja, tazama kama ananawa, anatumia kijiko au koleo, au anabadilisha glovu. Glovu zenyewe si dalili njema: aliyezivaa tangu asubuhi na kuzipokelea pesa ni sawa na asiye na glovu, tena yeye mwenyewe hahisi uchafu.

Koleo ni ngapi? Penye nyama ya kuchoma, mfuate mpishi kwa macho. Akigeuza nyama mbichi na koleo ile ile akakuwekea kipande kilichoiva kwenye sahani, umepewa majimaji ya nyama mbichi juu ya chakula kilichopikwa vizuri. Kosa hili ni la kawaida hata kwa wapishi hodari. Vivyo hivyo ubao wa kukatia.

Vyombo vinaoshwaje? Ikiwa ni ndoo, angalia maji. Ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuza, na maji yanabadilishwa, ni sawa. Ndoo moja ya kijivu isiyobadilishwa, omba kufungiwa chakula kwenye karatasi au chombo cha kutupa. Sahani zikauke zenyewe. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, mikono na sahani husambaza uchafu kila kinapogusa.

Mvuke unaonekana? Supu na mchuzi vinapaswa kuchemka au kufuka mvuke, na vilivyopikwa vifunikwe. Mafuta ya kukaangia yakiwa meusi, yenye povu lisilotulia na harufu kali, nenda kwingine.

Usidanganywe na mambo haya: foleni ndefu ya wageni watupu, picha za watu mashuhuri ukutani, meza zinazong'aa. Wala usipakimbie mahali kwa sababu sakafu imechakaa au viti ni vya plastiki.

Baadhi ya miji hukurahisishia kazi. New York, tangu mwaka 2010, kila mgahawa hubandika dirishani herufi ya ukaguzi wa afya: A, B au C. Uingereza, isipokuwa Scotland, wana alama 0 hadi 5. Huko Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inalazimisha kibandiko kionekane. England ni hiari, kwa hiyo asiyekibandika anaweza kuwa na alama nzuri au mbaya, na inabidi uitafute mtandaoni. Alama hizo hupima usafi na usimamizi siku ya ukaguzi, hazipimi ladha.

Hatua ya 4: Jifunze utaratibu kwa kumtazama mteja mmoja tangu aingie hadi atoke

Mitindo ni minne, na ukiikosea utasimama dakika kumi bila kuhudumiwa ukidhani unabaguliwa.

1. Kulipa kwanza. Kuna kaunta ya pesa au mashine ya tiketi mlangoni, kama ilivyo katika migahawa mingi ya tambi na wali Tokyo. Weka pesa, bonyeza kitufe cha chakula, chukua tiketi, kaa, mpe mpishi.
2. Kukaa kwanza. Mhudumu anakufuata, unalipa mwishoni, ama mezani ama kaunta ya kutokea.
3. Kuonesha na kupakuliwa. Vyakula viko kwenye trei, unaonesha, sahani inahesabiwa hapo hapo.
4. Msimbo wa QR mezani. Unaagiza na kulipa kwa simu. Kama kadi yako inakataliwa, mwambie mhudumu kabla ya kuagiza kwamba utalipa taslimu.

Viti navyo vina sheria zake. Singapore, pakiti ya tishu iliyowekwa mezani ina maana kiti kina mwenyewe, usiisogeze. Huko huko, tangu mwaka 2021, kuacha trei yako mezani katika masoko ya vyakula kunaweza kukuletea onyo na baadaye faini. Mahali pengine ukianza kukusanya vyombo mwenyewe unamfanya mhudumu ajisikie vibaya. Fanya kama jirani anavyofanya.

Meza ya pamoja ni jambo la kawaida. Onesha kiti kwa kiganja kilichofunguka, tabasamu, subiri mtu aitikie kwa kichwa, kaa.

Hatua ya 5: Jua bei kabla mpishi hajagusa kijiko

Kama bei haijaandikwa, uliza. Si aibu, na wenyeji wengi wanauliza. Fungua kikokotoo cha simu, mpe muuzaji aandike tarakimu. Vidole havitoshi, kwa sababu namna ya kuhesabu kwa vidole hutofautiana nchi hadi nchi.

Angalia mitego mitatu. Wa kwanza ni uzito: samaki na nyama mara nyingi bei iliyoandikwa ni ya gramu 100, si ya kipande wala ya kilo. Samaki wa gramu 600 ni mara sita ya tarakimu unayoiona. Omba apimwe mbele yako kabla hajapikwa, na uambiwe jumla. Wa pili ni vitu vinavyowekwa mezani bila kuombwa. Lisbon, kwa mfano, mkate na zeituni zinazotangulia hulipiwa ukizigusa. Kama huzitaki, sema mapema ziondolewe. Wa tatu ni ada ya meza au ya huduma, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya orodha ya vyakula.

Hatua ya 6: Agiza kidogo, na uagize kilichopita motoni

Siku ya kwanza na ya pili mjini, tumbo lako linakutana na maji, mafuta na viungo vipya. Agiza sahani moja, ile ambayo meza tatu zinaila. Mkiwa wawili, chukueni vyakula viwili tofauti na mgawane. Baada ya robo saa mkitaka zaidi, ongezeni. Kuagiza sita kwa mpigo ni kupoteza chakula, na vinavyosubiri mezani vinapoa.

Kuonesha kwa kiganja kwenye sahani ya jirani na kusema "naomba hiki" kunafanya kazi dunia nzima. Mwombe jirani radhi kwa ishara kwanza.

Chagua kwa mpangilio huu: kwanza kilichochemshwa, kukaangwa au kuchomwa baada ya wewe kuagiza, pili kilichomo kwenye sufuria inayochemka, tatu mkate na vikavu vya kuoka. Vinavyofaa kusubiri mpaka umepazoea ni saladi, matunda yaliyokatwa mapema, vyakula vibichi na michuzi ya baridi. Tunda ulilolimenya mwenyewe halina neno.

Baadhi ya vyakula vinataka uangalifu zaidi, na sababu zake zinafaa kujulikana:

Wali uliolala. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe taratibu nje ya friji, mbegu zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo wali wa kukaanga unaotokana na wali wa jana si tatizo kwa kuwa ni wa jana. Tatizo ni kama ulilala mezani badala ya kwenye friji. Huwezi kujua kwa macho. Kula penye mauzo ya haraka.

Nyama ya kusaga. Kwenye kipande kizima bakteria wako juu, na moto huwafikia. Nyama ikisagwa, wa juu wanaingia ndani. Ivunje katikati: ikiwa ya waridi au ya baridi, irudishe motoni. Kiini kifike nyuzi 70.

Samaki wa minofu myekundu, kama jodari. Akikaa juani hujenga histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na moto hauiondoi. Akiwasha ulimi kama pilipili wakati hana pilipili, mteme kwenye tishu na uache.

Michuzi ya mezani. Chupa iliyofungwa ni afadhali kuliko bakuli la wazi ambalo kila mtu anachovya kijiko chake.

Pilipili iombe iwekwe pembeni. Onja kwa ncha ya kijiko, ngoja sekunde 30, ndipo uongeze. Ukali wake huchelewa kufika.

Mzio na vyakula usivyokula

Kusema "sili nyama" hakutoshi. Kwa wapishi wengi nyama ni kipande kinachoonekana. Supu ya mifupa, mafuta ya nguruwe, unga wa kamba na mchuzi wa samaki havihesabiwi. Kadi yako itaje kila umbo. Mfano kwa mwenye mzio wa karanga: "Nikila karanga ninaweza kufa. Sili karanga nzima, zilizosagwa, siagi ya karanga, mafuta ya karanga, wala chakula kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga karanga. Je, chakula hiki kinazo?" Ifanye itafsiriwe na mtu anayeijua lugha, ichapishe kwa herufi kubwa, beba nakala tatu. Mwoneshe anayepika, asiishie kuiona anayepokea oda.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, anayeuza chakula hata kisichofungashwa analazimika kutoa taarifa kuhusu makundi 14 ya vyakula vya mzio, yakiwemo karanga, maziwa, mayai, ngano, samaki, ufuta na soya. Una haki ya kuuliza. Kwenye kibanda cha kikaango kimoja, hata huko, taarifa haiondoi hatari: mafuta ni yale yale. Mwenye mzio mkali asile penye kikaango kimoja au ubao mmoja, na abebe sindano mbili za adrenalini alizoandikiwa na daktari, si moja.

Hatua ya 7: Kinywaji

Kama maji ya bomba ya mji hayanywewi, barafu pia ni maji hayo hayo. Kugandisha hakuui vijidudu. Kunywa chai au kahawa ya moto, au chupa uliyoifungua mwenyewe. Sikiliza mlio wa pete ya kifuniko ikikatika. Glasi ikiletwa ina matone ya maji, ifute au kunywa kwenye chupa. Maji ya kuchemsha mwenyewe yachemke kwa dakika 1 kamili. Mji ukiwa juu ya mita 2,000, yachemke dakika 3.

Hatua ya 8: Kula, lipa, ondoka kwa heshima

Nawa kwa sabuni sekunde 20. Tazama wanaokuzunguka wanatumia nini: mkono, uma, vijiti, kijiko na uma pamoja. Hakuna anayemcheka mgeni anayejaribu. Panapoliwa kwa mkono, tumia wa kulia.

Picha: piga sahani yako bila kuomba, ila sura ya mpishi au ya mlaji iombee ruhusa, na usifanye hivyo foleni ikiwa imefika mlangoni. Penye msongamano ukimaliza, ondoka. Kiti hicho ni mapato ya mtu.

Bakshishi haifuati kanuni moja. Tokyo haitolewi, na mhudumu anaweza kukukimbilia akurudishie, wakati wewe ulidhani umemsaidia. New York penye huduma ya mezani, asilimia 15 hadi 20 inategemewa, kwani ni sehemu ya kipato cha mhudumu. Kwenye kaunta na vibandani sehemu nyingi si lazima. Kagua bili kwanza: kama ada ya huduma imeshajumlishwa, usilipe mara mbili. Hesabu chenji hapo hapo.

Hatua ya 9: Rudi pale pale

Ukipata mahali pazuri, rudi kesho yake saa ile ile. Mara ya pili mpishi anakukumbuka, anakuonesha kilichotoka jikoni sasa hivi, anakutajia kile kisichoandikwa. Kwa mgeni wa siku nne, mahali pawili pa kurudia panamfundisha zaidi kuliko kumi pa kupita. Andika kwenye simu: jina, alama ya ramani, ulichokula, bei, saa uliyofika.

Mambo yakienda kombo

Umefika, pamefungwa. Uwe na majina mawili ya akiba umbali wa kutembea dakika kumi. Njaa kali ndiyo inayowapeleka watu kwenye kibanda ambacho wasingekipitisha katika Hatua ya 3.

Umeletewa usichoagiza. Sema kabla ya kukigusa. Ukishaanza kula, ni chako.

Bili imezidi. Omba ioneshwe kwa kila kitu, linganisha na picha ya orodha ya bei uliyoipiga ulipokaa. Mara nyingi ni sahani ya jirani iliyohesabiwa kwako. Ongea taratibu.

Pilipili imekushinda. Maji hayasaidii, kwa kuwa kapsaisini, kile kinachowasha ndani ya pilipili, haiyeyuki katika maji. Kunywa maziwa au mtindi, au tafuna mkate au wali.

Chakula kimekuja vuguvugu. Omba kipikwe kipya. Kupashwa nusu nusu hakutoshi. Kama hawawezi, lipa na ukiache.

Mdomo unavimba, pumzi inabana, mwili unatoka vipele. Tumia sindano ya adrenalini mara moja, ita gari la wagonjwa, laza mtu miguu ikiwa juu, na kama anapumua kwa shida mwache akae. Usingoje kuona kama itapungua, na hata ikipungua nenda hospitali.

Unatapika au unaharisha. Usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho: sumu ya bakteria huanza ndani ya saa 1 hadi 6, lakini virusi na bakteria wengi huchukua siku moja hadi tatu. Kazi ya kwanza ni maji. Koroga pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia. Ukiwa huna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha bila kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Kunywa kidogo kidogo. Ukitapika, ngoja dakika 10 uanze tena taratibu.

Dawa za kufunga choo kama loperamidi usizitumie ukiwa na homa au choo chenye damu, na usimpe mtoto. Antibayotiki usijinunulie bila kupimwa. Nenda hospitali ukiona damu chooni, homa kali, huwezi kubakisha maji tumboni, mkojo umepungua na kichwa kinazunguka, au kuharisha kumepita siku tatu. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri siku tatu.

Njaa ikirudi, anza na wali, mkate, ndizi au supu nyepesi, kisha endelea na chakula cha kawaida siku hiyo hiyo ukiweza. Maziwa, mafuta mengi na pilipili viache kwa siku moja au mbili.